Tuandikieni kupatwa kwa mwezi kabla hakujatokea, na kwa saa zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie namna magazeti yetu ya Kiswahili yanavyoandika habari za kupatwa kwa mwezi. Sina ugomvi na lugha inayotumika wala na ukweli wa habari zenyewe. Ninacholalamikia ni wakati na mahali. Habari hutoka asubuhi ya pili, jambo likiwa limekwisha, ikiambatana na picha iliyopigwa katika mji wa mbali. Na pale inapotokea kwamba imetangulia, saa zake mara nyingi huwa zimenakiliwa kutoka nje bila mtu kuzigeuza, kiasi kwamba msomaji wa Mafinga au Tukuyu hubaki akijiuliza kama jambo hilo litamkuta macho, litamkuta usingizini, au halimhusu kabisa. Tetemeko la ardhi huja bila hodi, na hakuna anayemlaumu mwandishi kwa kulitangaza likishatokea. Kupatwa kwa mwezi hupigwa hesabu miaka mingi kabla, hadi dakika, kwa hiyo hakuna udhuru wa kusubiri kutokee ndipo kuandikwe.

Chukua mfano wa Jumapili ya 7 Septemba 2025. Usiku ule mwezi ulipatwa wote, na Tanzania nzima ilikuwa upande wa dunia ulioweza kuona shughuli yote ya kivuli kikuu cha dunia, yaani ile sehemu yake nzito, tangu mwanzo hadi mwisho. Kivuli kilianza kuumega mwezi saa 1:27 usiku, kikaufunika wote saa 2:30, kufunikwa kukafikia kilele saa 3:11, ukingo wa kwanza ukaanza kung'aa tena saa 3:52, na kivuli kikaondoka kabisa saa 4:56. Ziangalie saa hizo, Ndugu Mhariri. Ni saa za chakula cha jioni, saa ambazo watoto hawajalala na bajaji za Kabwe na Mwanjelwa hapa Mbeya bado zinagombea abiria. Si kila kupatwa huja kwa saa za namna hiyo. Kupatwa kamili kwa 27 Julai 2018, kulikodumu dakika 103 na ambako ndiko kurefu kuliko kote katika karne hii ya 21, kulianza saa 4:30 usiku na kumalizika saa 6:13, wakati ambao sehemu kubwa ya watu wa nyanda hizi wameshajifunika blanketi kwa baridi ya Julai. Huku kwa mwaka 2025 kulitufuata mlangoni. Hata hivyo, Jumatatu yake nilizungumza na watu wazima, wenye simu za kisasa mifukoni, walioniambia kwamba jana waliuona mwezi umechafuka wakadhani ni moshi.

Hawakudhani bure. Septemba huku kwetu ni msimu wa kuchoma mabaki shambani na wa mioto ya nyika, na moshi wake hutanda juu ya bonde la Usangu na kwenye miteremko ya milima kiasi kwamba mwezi mpevu unapochomoza huwa na rangi ya kutu hata pasipo kupatwa. Mtu aliyezoea kuuona hivyo kila mwaka hana sababu ya kusimama na kutazama mara ya pili asipoambiwa. Tofauti yenyewe ni rahisi. Wekundu wa moshi huenea usoni kote kwa pamoja, huwa mzito mwezi ukiwa chini, na hupungua kadiri mwezi unavyopanda. Kivuli cha dunia hufanya kinyume, kwani huanza upande mmoja, huwa na ukingo wa mviringo unaoonekana wazi, na siku ile kiliendelea kukua wakati mwezi unazidi kupanda na kuiacha tabaka ya moshi chini. Maelezo haya yasingezidi mistari minne katika toleo la Jumamosi iliyotangulia. Mwandishi wa ng'ambo hawezi kuyaandika, kwa sababu hajui kwamba Septemba sisi huchoma mashamba. Hapo ndipo ninapoona kazi ya gazeti la hapa nchini, kwa maana hesabu za tukio zinaweza kupatikana popote, lakini namna litakavyoonekana kutoka Uyole au Ilula haiwezi kutoka kwa mtu asiyewahi kufika.

Liko jambo la pili lililowafanya watu wengi wasitoke nje usiku ule, nalo linatokana na sifa njema ya mkoa wetu. Tarehe 1 Septemba 2016 Mbeya ilipata kupatwa kwa jua kwa umbo la pete, na Rujewa, wilayani Mbarali, palikuwa mahali pa kuliona vizuri. Watu walisafiri kutoka mbali, wanafunzi wakapelekwa, na miwani maalumu ikagombaniwa, kwa maana mwezi ulipoingia katikati ya jua ukaacha ukingo mwembamba wa moto kwa muda wa takribani dakika tatu, na ukingo huo peke yake ulitosha kuharibu jicho la mwenye kuutazama bila kinga. Onyo lililotolewa wakati ule lilikuwa la lazima, na lilipokewa vizuri mno. Lilipokewa vizuri kiasi kwamba miaka tisa baadaye nilimsikia mama mmoja akiwafukuza watoto wake kutoka uani waingie ndani, wasije wakapofuka kwa kutazama mwezi.

Sitaki kumcheka mama huyo, maana alifanya alichofundishwa. Hakuna aliyemwambia kwamba mwezi uliopatwa ni mwezi uleule anaouona kila mwezi mpevu, ila hafifu zaidi, na kwamba mtu anaweza kuukodolea macho tangu mwanzo hadi mwisho bila miwani, bila kioo chenye masizi na bila hofu yoyote. Darubini ndogo za kutazamia wanyama pori zinafaa pia, na hazina hatari. Jua ni habari nyingine kabisa, na wakati wa kusema hivyo utarudi karibuni, kwa kuwa tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa lote katika nchi za kaskazini mwa Afrika, ikiwamo Misri, na hapa Tanzania litapatwa kwa sehemu. Siku hiyo onyo la Rujewa lazima lirudiwe kwa herufi kubwa. Ninachoomba ni kwamba kila tukio lichapishwe na onyo lake linalolihusu, au na maelezo kwamba halina onyo.

Wapo pia wanaolipa jambo hili maana ya kiimani, na sioni kwa nini gazeti liwaogope au liwakebehi. Waislamu wanayo sala yake maalumu, ambayo husaliwa wakati kupatwa kunaendelea, na mafundisho mashuhuri ya Mtume kuhusu jambo hili yanasema kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu ambazo hazipatwi kwa ajili ya kifo wala uhai wa mtu yeyote; alisema hivyo baada ya watu kulihusisha jua lililopatwa na kifo cha mwanawe Ibrahimu. Kupatwa kwa Septemba 2025 kulikuja siku chache tu baada ya Maulidi, katikati ya mwezi wa Kiislamu wa Mfungo Sita, kama ilivyo lazima, kwa kuwa mwezi hauwezi kupatwa ila ukiwa mpevu. Msikiti unaotaka kuwaita watu kwa sala hiyo unahitaji kujua saa sahihi na kujua kama tukio litaonekana mahali ulipo, na katika hilo imamu, mwalimu wa fizikia na mzee anayetaka tu kukaa kibarazani atazame wana haja ileile.

Nimefundisha jiografia kwa muda mrefu, na naomba radhi ikiwa barua hii itanukia chaki. Mada ya kupatwa kwa jua na mwezi imo katika masomo ya kidato cha kwanza, na karibu kila mwanafunzi aliyepita hapo anaweza kuchora duara tatu zilizopangwa mstari mmoja, yaani jua, dunia na mwezi, na kuzitia kivuli mahali panapostahili. Mchoro huo humpatia alama za mtihani na humwachia dhana mbili potofu. Ya kwanza ni kwamba umbo la mwezi mwandamo linatokana na kivuli cha dunia, jambo ambalo si kweli; hilali ni upande wa mwezi unaomulikwa na jua ukionekana kwa ubavu, na dunia haihusiki. Ya pili ni kwamba vitu hivyo vitatu vimekaribiana kama vilivyo karatasini, hata mwanafunzi mwenye akili huuliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini basi mwezi usipatwe kila mwezi mpevu.

Jibu hupatikana kwa mpira wa miguu na ndimu. Dunia ikiwa ukubwa wa mpira, mwezi ni ndimu iliyowekwa zaidi ya mita 6 kutoka hapo, kwa maana umbali wa wastani kati ya dunia na mwezi, kilomita 384,400, ni kama upana wa dunia mara 30. Njia ya ndimu hiyo kuuzunguka mpira imeinama kwa digrii 5 hivi ukilinganisha na njia ya dunia kulizunguka jua, na kwa umbali ule mwinamo mdogo namna hiyo unatosha kuipitisha ndimu juu au chini ya kivuli karibu kila mara. Ni pale tu mwezi mpevu unapoangukia jirani na mahali ambapo njia hizo mbili hukatana ndipo unapoingia kivulini. Kivuli chenyewe, kinapofika umbali wa mwezi, huwa na upana unaozidi mara mbili na nusu upana wa mwezi, na mwezi huchukua karibu saa moja kusogea kiasi cha upana wake. Mwenye kufahamu hayo mawili ataona mara moja kwa nini kupatwa kamili kunaweza kuchukua zaidi ya saa nzima wakati pete ya Rujewa ilidumu dakika chache. Ataelewa pia tofauti ya dakika 103 za mwaka 2018 na 82 za mwaka 2025, kwa kuwa mara ya kwanza mwezi ulipita karibu katikati kabisa ya kivuli, tena ukiwa mbali na dunia, mahali ambapo mwendo wake huwa wa polepole, na mara ya pili ulikwenda kando kidogo ya kitovu na kwa mwendo wa haraka zaidi.

Na ule ukingo wa mviringo nilioutaja juu ni ushahidi mkubwa kuliko unavyoonekana. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita aliutumia kama mojawapo ya hoja zake kwamba dunia ni duara, kwa kuwa kivuli chake juu ya mwezi siku zote huwa na ukingo wa mviringo. Mwanafunzi wa shule ya kata ambayo haina hata maabara anaweza kuiona hoja hiyo kwa macho yake kutoka uwanja wa shule, bila gharama yoyote, mradi aambiwe siku na saa. Nasema hivi kwa sababu vifaa vya sayansi havitoshi katika shule nyingi, na hapa kuna somo ambalo kifaa chake kinachomoza chenyewe.

Sasa nije kwenye rangi, ambayo kwangu ndiyo sehemu tamu ya jambo zima, na ndiyo inayopotoshwa zaidi na vichwa vya habari vyenye damu ndani yake. Mwezi ukiwa ndani kabisa ya kivuli haupati mwanga wa jua moja kwa moja, lakini haupotei, kwa sababu angahewa ya dunia hupindisha kiasi cha mwanga huo na kuuingiza kivulini. Mwanga wa bluu hutawanywa njiani, na unaosalia ni ule mwekundu na wa rangi ya machungwa, kwa sababu ileile inayolifanya jua liwe jekundu linapozama nyuma ya milima ya Umalila. Kwa hiyo hali ya angahewa yetu ndiyo huamua mwezi utakuwa wa rangi gani. Anga ikiwa safi, mwezi huwa wa shaba inayong'aa. Ikiwa imejaa majivu, huwa wa kahawia au karibu mweusi. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991 ulirusha chembechembe nyingi sana katika tabaka za juu za anga, na mwezi uliopatwa Desemba 1992 ulikuwa na giza lisilo la kawaida, hata baadhi ya watazamaji walipata taabu kuuona. Sisi tunaoishi kati ya Rungwe na ziwa la Ngozi, juu ya udongo ambao milima ya volkano ilitupa, tuna kila sababu ya kupendezwa na habari hiyo.

Mtaalamu wa falaki wa Ufaransa, André Danjon, aliweka kipimo cha kupima rangi hiyo kwa macho matupu, kuanzia 0 kwa mwezi mweusi unaoonekana kwa shida hadi 4 kwa mwezi wa shaba angavu au wa machungwa. Kipimo hicho hakihitaji chombo chochote isipokuwa jicho, saa na mtu mwaminifu anayeandika alichokiona badala ya alichotarajia. Hebu fikiria, Ndugu Mhariri, gazeti hili lingechapisha kipimo hicho siku moja kabla, likawaomba wasomaji wa Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na kwingineko watume namba walizotoa, kisha likaziweka pamoja katika ukurasa mmoja. Tungejua kama waliokuwa Kitulo, ambako uwanda uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, waliuona mwezi ule kwa rangi moja na waliokuwa chini Usangu ndani ya moshi. Hiyo ingekuwa habari ambayo shirika lolote la habari la nje lisingeweza kutuuzia.

Nanyi msisahau kuwaambia watu watazame pembeni ya mwezi pia. Usiku wa mwezi mpevu nyota ndogo humezwa na mwanga, lakini mwezi ukishafunikwa zote hurudi, pamoja na ule ukanda mweupe wa nyota unaokatiza anga. Mwaka 2018 sayari ya Mirihi ilikuwa jirani na mwezi, iking'aa kwa wekundu wake kuliko kawaida. Mwaka 2025 ilikuwa zamu ya Zohali. Kwa mkazi wa katikati ya jiji taa za barabarani huharibu sehemu hii ya starehe, ingawa kupatwa kwenyewe huonekana hata chini ya taa.

Matukio yanayokuja ndiyo yatakayoonyesha kwa nini nasisitiza mahali. Tanzania nzima hutumia saa moja, na saa hiyo imepangwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, ambao hauigusi nchi yetu hata kidogo. Mbeya iko kwenye longitudo 33 na nusu hivi, Dar es Salaam kwenye 39, kwa hiyo jua na mwezi huchomoza na kuzama Mbeya zaidi ya dakika 20 baada ya Dar es Salaam, ingawa saa za ukutani zinasema jambo moja. Siku za kawaida tofauti hiyo haimsumbui mtu. Siku mwezi unapopatwa karibu na kuchomoza au kuzama kwake, dakika hizo 20 ni mali.

Alfajiri ya Ijumaa, 28 Agosti 2026, kutakuwa na kupatwa kwa sehemu, kwa kiasi kikubwa sana, kwani kwenye kilele zaidi ya asilimia 90 ya upana wa mwezi itakuwa kivulini. Kilele hicho kitakuwa saa 1:13 asubuhi kwa saa zetu, na sisi hatutakiona, kwa kuwa mwezi utakuwa umeshazama. Lakini kivuli kitaanza kuumega saa 11:34 alfajiri, na Mbeya mwezi utazama jua likichomoza, karibu saa 12:50. Mtu wa Mbeya atautazama ukiliwa kwa zaidi ya saa moja, wakati wa Dar es Salaam ataupoteza mapema zaidi. Gazeti litakaloandika tu kwamba kilele ni saa 1:13 asubuhi litakuwa limesema kweli na halitakuwa limemsaidia mtu yeyote nchini.

Mwaka 2028 mambo yatageuka. Kwanza, usiku wa 6 Julai, katikati ya kiangazi chetu ambapo anga huwa safi, zaidi kidogo ya theluthi ya upana wa mwezi itafunikwa, na kilele kitakuwa kama saa 3:20 usiku. Ni tukio dogo lakini lenye saa nzuri. Kisha mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 2028, mwezi utapatwa wote kuanzia kama saa 1:16 usiku hadi saa 2:28, na safari hiyo watu wa pwani watakuwa na nafasi bora, maana kwao mwezi utachomoza mapema zaidi. Hapa Mbeya utachomoza baada ya saa 1 usiku ukiwa umebakiza ukingo mwembamba tu, na wenye milima upande wa mashariki watausubiri kwa muda. Tukumbuke pia kwamba Desemba huku ni masika yetu, na mawingu ya nyanda za juu hayajali kalenda ya mtu. Anayeishi Tukuyu, ambako mvua ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, asiwaahidi wageni wake kitu. Kupatwa ambako mimi ningekuwekea alama nyekundu ni kwa alfajiri ya Jumanne, 26 Juni 2029. Mwezi utaanza kumegwa kama saa 10:32 alfajiri, utafunikwa wote saa 11:31, na kwa kuwa kufunikwa kamili kutaendelea hadi saa 1:13 asubuhi, Mbeya utazama karibu saa 1 ukiwa bado umo kivulini wote. Juni haina mvua. Baridi itakuwepo, na huenda Kitulo nyasi zikawa na sakitu, lakini hilo halijapata kumzuia mkulima wa viazi kutoka alfajiri.

Kazi ninayoomba ifanywe si kubwa. Ichapishwe jedwali fupi siku mbili au moja kabla ya kila tukio linaloonekana nchini, kwa saa zetu za Kiswahili, likionyesha kivuli kinaanza lini, mwezi unafunikwa lini kama utafunikwa, unaanza kuachiwa lini, na unachomoza au kuzama saa ngapi katika miji kadhaa, Mbeya na Iringa zikiwamo. Pembeni yake uwekwe utabiri wa mawingu kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambao hutolewa kila siku na ambao kwa mtazamaji una thamani sawa na hesabu za falaki. Wataalamu wa kuulizwa wapo hapa nchini, Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kwa mfano, amejulikana kwa miaka mingi kwa kuwaelimisha wananchi habari za anga, na hapa Mbeya tuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia ambacho wahadhiri wake wa fizikia sidhani kama watakataa kupigiwa simu. Redio zetu za mikoani zitasoma jedwali hilo zenyewe likishachapishwa, kama zinavyosoma magazeti kila asubuhi.

Kwa kuwa tukio la Agosti 2026 ndilo lililo mbele yetu, naongeza la mahali pa kusimama. Mwezi utakuwa ukishuka upande wa magharibi, kusini kidogo, kwa hiyo anayekaa bondeni chini ya kilima kilicho upande huo atanyimwa dakika za mwisho, ambazo ndizo zenye sehemu kubwa zaidi iliyoliwa. Apande kidogo, hadi mahali ambapo magharibi pako wazi. Wakazi wa Uyole wanaotazama ng'ambo ya jiji watakuwa na nafasi nzuri kuliko walio chini ya miteremko. Makambako patakuwa na upepo, kama kawaida yake, na Mufindi huenda ukungu wa mashamba ya chai ukaamua vinginevyo. Moshi nao utakuwepo upeoni, na mwezi ukishuka ndani yake utageuka mwekundu hata katika sehemu isiyofikiwa na kivuli, jambo ambalo mtazamaji akiambiwa mapema halitamchanganya. Waumini watakaokuwa wakielekea kwenye sala ya alfajiri, wanafunzi wa bweni wanaoamka kudeki na madereva wa malori wanaoanza safari ya Tunduma watakuwa nje saa hizo kwa vyovyote vile. Naomba toleo lako la Alhamisi, 27 Agosti, liwaambie watazame upande gani.

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya